Mita ipi ya betri, kontrola ipi ya sola: jahazi la Lamu na trela la Malindi

Jahazi letu lina friji ya lita 40, taa za LED, pampu ya ngama (ya kutoa maji chomboni), redio, na soketi za simu ambazo wageni huzigombania kama watoto wa madrasa wanavyogombania halua siku ya Maulidi. Shemeji yangu wa Malindi ana trela la kulala watu wanne, ambalo hulivuta kwa gari mpaka Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Chombo kimoja ni cha bahari na kingine cha barabara, lakini tukikutana barazani malalamiko ni mamoja: betri imezima usiku wa manane. Na swali la shemeji ni lile lile: "Niongeze paneli?"

Jibu langu ni kwamba asiongeze kwanza. Mtu asiyejua umeme wake unakwenda wapi akiongeza paneli, huwa anajaza mtungi ambao hajautazama kitako. Kwa hiyo nalinganisha vitu kwa mpangilio ambao ningevinunua: mita kwanza, kontrola (kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri) baadaye, kisha betri, na paneli mwisho. Bei sizitaji kwa shilingi kwa sababu hubadilika kila shehena inapoingia. Nitasema tu kipi ghali na kipi rahisi.

Mita

| Mita | Inasoma nini | Kwa betri ya asidi | Kwa lithiamu | Kazi ya kuifunga |
|---|---|---|---|---|
| Taa tatu au nne za ukutani | Volti, kwa ngazi | Ni kubahatisha | Haina maana | Matrela mengi huja nayo |
| Volimita ya tarakimu | Volti | Inafaa, betri ikiwa imepumzika | Hutambua mwisho tu | Dakika kumi |
| Mita ya shanti | Ampea zinazoingia na kutoka | Nzuri | Nzuri sana | Nusu siku, na subira |
| BMS (saketi ya ulinzi ya betri) yenye Bluetooth | Hesabu ya ndani ya betri | Haipo | Nzuri, ila nyingi hazioni mkondo mdogo | Hakuna |

Zile taa za ukutani ndizo zilizomtesa shemeji. Ukibonyeza kitufe saa sita mchana zote zinawaka, naye anafurahi. Hajui kwamba wakati huo kontrola ya sola imeinua volti za betri hadi 14 na kitu, na kitufe kinasoma volti hizo, si akiba iliyomo. Betri yenye nusu na betri iliyojaa huonekana sawa jua likiwaka. Njoo saa tatu usiku ubonyeze tena, taa mbili zimetoweka, na bado hujui kama umebakiwa na usiku mzima au saa moja.

Volimita ni afadhali kidogo. Betri ya asidi ya volti 12 ikipumzika saa kadhaa, bila kuchajiwa wala kutumiwa, husoma takriban 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 hivi ikiwa nusu, na ikifika 11.9 imekaribia kwisha. Tatizo ni hilo neno kupumzika. Jahazini friji hushtuka kila mara na kuvuta ampea nne, volti zinaporomoka, ikinyamaza, zinapanda. Mchana sola inazisukuma juu. Nafasi pekee ya kusoma kwa haki ni alfajiri kabla ya jua kuchomoza, vyombo vyote vikiwa vimezimwa. Kwa mashua ya uvuvi yenye taa mbili na GPS, hiyo yatosha. Kwa friji, haitoshi.

Kwa lithiamu volimita ni karibu pambo. Ninazungumzia aina ya LiFePO4, ambayo ndiyo inayouzwa kwa wingi kwa kazi hizi. Kutoka asilimia 80 hadi 30 volti zake hutelemka kwa takriban mbili ya kumi tu, mfano 13.3 hadi 13.1. Tulipobadilisha betri jahazini tukaacha volimita ile ile. Usiku mmoja tumetia nanga Kiwayu, nikatazama kabla ya kulala: 13.0. Kwa macho yaliyozoea asidi, hiyo ni betri iliyoshiba. Saa kumi za usiku ikawa giza totoro, bila taa kufifia kwanza kutoa onyo. BMS, ile saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ilikuwa imekata ili seli zisiharibike. Samaki wa wageni wakapata joto, na mimi nikapata maneno.

Ami yangu, ambaye ndiye nahodha, alisikiliza maelezo yangu yote ya volti na ampea akiwa ametafuna tambuu, kisha akasema: "Mwanangu, mita yako yaniambia mawimbi. Mimi nataka kujua maji yanajaa au yanakupwa."

Hiyo ndiyo kazi ya shanti, na sijapata kusikia maelezo bora zaidi. Shanti ni kipande cha madini chenye ukinzani mdogo sana unaojulikana, kinachofungwa kwenye waya hasi wa betri. Ile ya kawaida imeandikwa 500A/50mV, maana yake ampea 500 zikipita huacha milivolti 50. Ampea 50 zikipita huacha milivolti 5. Kompyuta ndogo husoma tofauti hiyo mfululizo na kujumlisha: zimeingia ampea-saa ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Ni daftari la duka, si kipimo cha kutupia jicho.

Lakini daftari huharibiwa na mauzo yasiyoandikwa. Kila waya hasi lazima upite kwenye shanti. Kwenye nguzo hasi ya betri pabaki waya mmoja tu, ule unaokwenda kwenye shanti. Mengine yote, pamoja na hasi ya kontrola ya sola, yafungwe upande wa pili. Fundi aliyetufungia aliacha pampu ya ngama moja kwa moja kwenye nguzo. Mvua za Mei zilipotujazia maji, pampu ikafanya kazi usiku kucha na mita ikaendelea kutuambia tuna asilimia 85. Ukimaliza kufunga, washa kitu kimoja kimoja na uhakikishe mita inakiona. Usimtegemee fundi kwa hilo, hata kama ni ndugu yako.

Kisha mipangilio, na hapa ndipo wengi huilaumu mita bure. Ingiza ukubwa wa betri kwa ampea-saa. Kipeo cha Peukert, kinachosahihisha hasara ya kutoa umeme kwa kasi, weka 1.25 kwa asidi na 1.05 kwa lithiamu. Ufanisi wa chaji, 95 kwa asidi na 99 kwa lithiamu. Halafu volti za kutambua kwamba betri imejaa. Mita za Victron hutoka kiwandani zikiwa na 13.2, na mtu wa sola akiiacha hivyo atadanganywa asubuhi yenye mawingu: volti hupita 13.2, mkondo ni mdogo kwa sababu jua ni hafifu, mita inadhani betri imekataa chaji kwa kushiba, inaandika 100. Ipandishe hadi 14.0 au 14.1 ikiwa kontrola yako huchaji hadi 14.4. Mabadiliko hayo huchukua dakika moja kwenye simu, na ndiyo yaliyonifanya niache kuitukana mita yangu.

Katika shanti zenyewe, chaguo la kweli ni skrini au simu. Victron SmartShunt haina skrini. Husomwa kwenye simu kwa Bluetooth, na ipo pia katika toleo la IP65 lisilopitisha maji ya kurushiwa. BMV-712 ina kioo chake cha duara na swichi ya ndani inayoweza kulia kengele chaji ikishuka. Junctek na wengine wa China huuza shanti yenye skrini kwa bei ya chini mno, na kwa trela la kuegeshwa uani ningechukua hiyo bila kusita. Jahazini nilichagua BMV-712. Baharia mwenye mikono ya chumvi hatatoa simu mfukoni kutazama betri, na akiitoa, siku moja itaanguka majini. Shemeji yeye alichukua SmartShunt, kwa kuwa hulala hatua tatu kutoka kwa betri yake na simu haimtoki mkononi.

BMS yenye Bluetooth? Kama betri yako ya lithiamu tayari inayo na ni moja tu, anza na hiyo bila gharama. Ukifunga betri mbili sambamba unakuwa na madaftari mawili yasiyosomana.

Kontrola: PWM au MPPT

Mabishano haya yamekuwa kama ya Simba na Yanga, na wanaoshangilia MPPT wana sauti kubwa zaidi. Nitafanya hesabu hadharani.

Paneli ya wati 100 ya volti 12 hutoa takriban volti 18 na ampea 5.5 kwenye kipimo cha kiwandani. PWM ni swichi tu: huunganisha paneli na betri, kwa hiyo paneli hushushwa hadi volti za betri. Betri ikiwa 13, unapata 5.5 mara 13, wati 72 hivi. MPPT huiacha paneli ikae kwenye volti zake bora kisha hubadilisha volti za ziada kuwa ampea. Ukitoa hasara ndogo, unapata karibu 95. Ushindi mkubwa, sivyo?

Ila kipimo cha kiwandani hufanywa paneli ikiwa na nyuzi 25 za joto. Paneli iliyo juu ya paa la Shela saa sita za mchana inapita 60. Kila nyuzi ikipanda, nguvu hupungua kwa takriban asilimia 0.4, na inayopungua ni volti, si ampea. Zile 18 zinakuwa kama 15 na nusu. Sasa MPPT ina wati 80 hivi mkononi, PWM bado ina zake 72, na betri ikikaribia kujaa, volti zake zikifika 14, pengo linabana zaidi. Kwa pwani yetu, kwenye paneli moja ndogo ya volti 12, MPPT inakuongezea kama asilimia kumi. Faida ipo, ila si ile unayosomewa dukani.

Mambo hubadilika kabisa ukichukua paneli kubwa ya nyumbani, ya wati 400, yenye volti 31 na ampea 13. Kwa PWM utapata 13 mara 13, wati 169. Zaidi ya nusu ya paneli umeinunua kwa ajili ya kivuli. Kwa MPPT, hata kwenye joto letu, unaweza kuona zaidi ya 300. Na kwa kuwa kwa kila wati paneli kubwa ni rahisi kuliko ndogo za volti 12, akiba ya paneli mara nyingi hulipia kontrola. Basi kinachoamua ni volti za paneli yako, si ubingwa wa kontrola.

Soma namba zilizo usoni mwa kontrola. Victron 75/15 maana yake volti za paneli zisizidi 75, na betri itapata ampea 15 kwa wingi, yaani paneli ya wati 220 hivi kwenye mfumo wa volti 12. Ya 100/20 hubeba 290, na 100/30 hubeba 440. EPever Tracer 2210AN ni ya ampea 20 na volti 100. Ile ya kwanza, volti, ndiyo inayoua: ampea zikizidi kontrola hujibana tu, volti zikizidi huungua. Paneli mbili za nyumbani zenye volti 37 zisipotumiwa, zikifungwa mfuatano, zinafika 74. Usizitie kwenye kontrola ya 75.

Tahadhari moja iliyonigharimu. Kuna PWM nyingi za plastiki nyepesi zimeandikwa MPPT kwa herufi kubwa. Nilinunua moja, duka silitaji. MPPT ya kweli ni nzito, ina koili na mgongo wa alumini. Kipimo chake ni rahisi: betri ikiwa haijajaa na jua ni kali, pima kwa klampu ya DC ampea za waya wa paneli na za waya wa betri. Kwenye MPPT za betri ni nyingi kuliko za paneli. Yangu zilikuwa sawasawa, kama mapacha.

Joto pia lina neno lake upande wa betri. Kwa asidi, volti za kuchaji zinapaswa kushuka kwa takriban milivolti 24 kwa kila nyuzi inayozidi 25. Chumba cha betri chini ya sitaha kikifika 40, zile 14.4 ziwe 14.0 hivi. Kontrola isiyopima joto huichemsha betri polepole, nawe unamaliza maji ya betri ukidhani ni uchakavu. Kwa lithiamu ni kinyume: zima marekebisho ya joto, na zima kabisa chaji ya kusawazisha.

Kivuli kwa sisi wa tanga ni jambo la kila saa. Foramali, ule mti unaobeba tanga, ikipita juu ya paneli moja kati ya mbili zilizofungwa mfuatano, inayumbisha mzunguko mzima. Tulizifunga sambamba, kila moja upande wake wa chombo. Tanga likivika moja, ya pili inaendelea na kazi. Waya ukawa mnene zaidi kwa sababu ampea ni nyingi. Ampea 10 kwenye waya wa milimita 4 za mraba, mita sita kwenda na sita kurudi, hupoteza nusu volti. Kwa milimita 10 hupoteza mbili ya kumi. Nunua ule uliopakwa bati. Shaba tupu huku hugeuka kijani kabla ya mwaka.

Betri, kwa ufupi

Asidi ya ampea-saa 100 itumie 50, ina uzito wa kilo 27 hadi 30, na huumia sana ikikaa siku nyingi bila kujaa, kwani salfeti hujenga gamba kwenye sahani. Lithiamu ya ukubwa huo itumie 80 au 90, ina kilo 12 hivi, na haijali kukaa nusu. Bei ya kwanza ya lithiamu huuma, lakini kwa kazi ya kila siku ndiyo rahisi mwishowe. Kwa trela linalotoka Pasaka na Agosti tu, asidi ya kufungwa ya AGM bado ina hoja, mradi isiachwe uani ikiwa tupu.

Paneli juu ya paa au za kukunja

Jahazi halina mjadala: juu ya kivuli cha tezi, nyuma ya chombo, zifungwe kwa boliti za chuma kisichoshika kutu. Lamu iko nyuzi mbili hivi kusini ya ikweta, jua linapita utosini, kwa hiyo kulaza paneli karibu bapa hakupotezi kitu cha kutaja. Iinue kidogo tu, ili mvua iteremke na vumbi na mavi ya ndege.

Trela ndilo lenye kitendawili. Kila dereva mwenye akili huegesha chini ya mkwaju, na hapo paneli za paa zinalala usingizi pamoja na abiria. Paneli ya kukunja yenye waya wa mita kumi huiacha familia kivulini na kuitoa paneli juani. Ubaya wake ni kwamba lazima mtu aamke kuigeuza, na nyani wa kambini nao wana shauku. Ukipenda starehe, weka kidogo juu ya paa kwa ajili ya safarini, na moja ya kukunja kwa ajili ya kambi. Chaji kutoka kwa gari usiitegemee bila chaja ya DC kwenda DC: waya mwembamba wa plagi ya trela hupoteza volti njiani, na betri ya nyuma haipati kushiba.

Ningemchagulia nani nini

Mvuvi mwenye taa na GPS: paneli ya wati 50, PWM ya ampea 10, volimita, basi. Akiuziwa MPPT ameibiwa kwa adabu. Jahazi la wageni lenye friji: lithiamu, shanti yenye skrini, MPPT ya 100/20 au 100/30 kulingana na paneli. Trela la wikendi: shanti ya bei rahisi au SmartShunt, paneli ya kukunja, na kontrola baada ya kusoma volti zilizoandikwa mgongoni mwa paneli. Kwa makisio ya mahitaji, hesabu masaa matano ya jua kamili kwa siku, na punguza kwa ajili ya masika.

Shemeji alifunga shanti yake mwezi mmoja kabla ya safari. Siku ya tatu akanipigia: trela limeegeshwa uani, friji imezimwa, taa zimezimwa, na mita inasema ampea moja inatoka. Tukazima vitu kimoja kimoja hadi tukaifikia inveta, inayowashwa kuchaji laptopu na kusahauliwa. Bila kuchomekewa chochote ilikuwa inakula ampea moja, yaani ampea-saa 24 kwa siku, karibu nusu ya kile anachoruhusiwa kutumia kwenye betri yake ya asidi. Siku hizi huizima kabla ya kulala, na Tsavo alikaa usiku tatu bila giza.

Paneli ya pili, ambayo kumbe alishainunua kabla ya kuniuliza, ingali nyuma ya kabati Malindi na plastiki yake. Juzi ameniuliza kama huku Lamu kuna mteja.